Nyumba ya Msenyi

Watu wa nyumba hii wanasema nina kichwa cha kukumbuka majina. Ni kweli. Kusoma nilisoma ngumbaru tu, jioni, na mtoto mgongoni, nikaishia kujua kuandika na kujumlisha mafungu ya dagaa. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nawajua kwa majina watu wa vilima viwili, waliozaliwa upande wetu na waliozaliwa ng'ambo, na watoto wao, na mbuzi wa baadhi yao. Hapa sitaandika hata moja. Wengine wako hai, na mpaka una masikio. Tena jina moja, lile ambalo habari hii yote inalizunguka, hata nikitaka sina ruhusa nalo.

Hilo ni jina la baba mkwe wangu.

Kwetu Buha, kule Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki akiwa hai, halitamki akifa. Wala si jina peke yake, hata neno linalofanana nalo unaliacha, unatafuta jingine. Sasa mzee wetu alipewa jina lililobeba ndani yake neno letu la chumvi, maana alizaliwa siku baba yake anarudi kutoka Uvinza na mizigo ya chumvi. Hebu fikiri. Kila siku unapika, kila siku unakihitaji kitu, na kukitaja huwezi.

Nilipoingia nyumba ile, mama mkwe aliniita jikoni, akachota chumvi kwenye kibuyu, akaniwekea kiganjani.

"Hii ni nini?"

Nikajua ni mtego, nikanyamaza.

"Umelelewa," akasema. "Hii humu ndani tunaiita msenyi."

Msenyi kwa lugha yetu ni mchanga. Akaniuliza, "Na ule wa mtoni unaitwaje?"

"Nao msenyi, mama."

"Basi usije ukatupikia ule wa mtoni." Akacheka mpaka akakohoa.

Tulizoea hivyo. Sokoni tukisema nipimie msenyi, wauzaji walijua mara moja sisi ni wake wa nyumba gani, hawakuhitaji kuuliza. Watu wakatuita nyumba ya msenyi. Kwa Kiswahili nasema chumvi bila shida, mzee hakuitwa kwa Kiswahili. Lakini nyumbani mdomo umeshazoea. Mume wangu alipofariki binti yangu akanileta huku Birmingham nikae naye, na neno nikaja nalo. Mpaka leo naomba msenyi mezani na wajukuu wananipa, hawashangai. Wanadhani ni Kiswahili.

Basi kulikuwa na khitma ya jirani mmoja hapa Balsall Heath, mzee wa Kizanzibari. Wanawake tulijaa jiko la ukumbi, masufuria makubwa, madirisha yameingia mvuke, na kila mmoja na Kiswahili chake. Msomali wa Kenya alikuwa kwenye nyama, Mkongo kwenye vitunguu, Mzanzibari ndiye mkubwa wa jiko na hataki kuulizwa kitu. Mimi nilipewa kiti na ndoo ya viazi kwa sababu ya magoti. Kwenye sufuria la wali alisimama dada mmoja ambaye nilikuwa nikimwona tu barabarani, dereva wa mabasi yanayopita Moseley. Alionja wali, akakunja uso.

"Jamani, nipeni msenyi kidogo. Huu umepooza."

"Nikupe nini?" akauliza Mzanzibari.

"Msenyi."

"Msenyi ndo mdudu gani tena?"

Mkongo akaangua kicheko, kisu mkononi. "Kwetu msenyi ni mchanga, maman! Utatia mchanga mu wali? Wafiwa wamelia vya kutosha, sasa unataka kuwavunja na meno!"

Jiko zima likacheka. Msomali akasema walahi huyu dada ni wa kuendesha basi tu, jikoni asirudi. Yule dada naye akacheka, lakini kwa haya. Akasema, "Chumvi bwana, chumvi. Ni mama yangu alikuwa anasema hivyo. Mimi nilidhani wote mnasema."

Kiazi kilinianguka. Wake walioita chumvi msenyi duniani nilikuwa nawajua wote. Mama mkwe, mke wa shemeji aliyehamia Tabora, mimi, na mwenzangu, mke wa mdogo wa mume wangu. Wawili nilijua walikozikwa, wa tatu ni mimi mwenyewe. Wa nne sikujua aliishia wapi.

Nikamwita. Alikuja akijifuta mikono, akachuchumaa mbele yangu kwa heshima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako wa wapi?"

"Wa kambini."

Watoto wa kambi ndivyo wanavyojibu, kama vile kambi ni kabila. "Na kabla ya kambi?"

"Burundi. Ila nilizaliwa upande wa Tanzania, alikuwa huko. Halafu wakamfukuza." Akatazama sakafu. "Alishafariki, bibi. Nilikuwa mdogo."

Nikamtazama meno. Ya mbele yana mwanya, kama ya shemeji yangu, mume wa mwenzangu. Mbele za watu nilimwambia tu aje nyumbani siku asiyoendesha.

Akaja. Mvua ilikuwa inanyesha, ameshika boksi la keki, amekaa ukingoni mwa kochi na koti lake kama mtu anayengoja kuitwa. Nikamtilia chai ya tangawizi. Hakuinywa.

"Bibi, umeniita unajua kitu?"

"Nataka nikusikie wewe kwanza."

Akasema anayoyajua, na yalikuwa machache. Mama yake alikuwa hapendi kuongelea upande wa pili. Neno moja tu alilirudia hata siku za ugonjwa: waliniuliza nyumba yangu, nikakosa la kuwaambia. Kambini, kambi ya waliorudishwa kule Burundi, watoto walimwita mtoto wa lori, maana mama yake alishushwa na lori naye akiwa mgongoni, hakuna baba nyuma yao. Mama alipokufa, ndugu za mama wakamchukua, wakaja naye mpaka huku. Akiwauliza, wanasema achana nayo.

"Sasa kuna mtu anataka kunioa," akasema. "Mtu mzuri. Watu wake wanauliza, baba yako ni mtoto wa nani, ukoo wenu upi. Nawaambia sijui, wanatazamana. Mimi sikuja hapa kuomba mali wala ndugu. Nina swali moja. Mama yangu aliolewa, au alizaa tu huko wakamtupa?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia abiria nauli imepanda.

"Kwanza usiniite bibi," nikamwambia. "Mimi ni mama yako mkubwa. Baba yako alimfuata mume wangu kuzaliwa. Na mama yako nilimwogesha mimi siku ya harusi yake, kwa maji ya mto ule ule wa mpaka."

Akaweka kikombe chini.

Nilimweleza, na nakueleza na wewe unayesoma, kwa sababu wasioishi mpakani wanadhani mpaka ni ukuta. Kwetu ulikuwa mto wa kuvuka umekunja nguo, na juu kilimani mawe ya saruji ambayo watoto walikaa wakichunga. Lugha yetu na yao ukiisikia kwa mbali ni moja. Ukisogea ndipo unasikia wenzetu wanaivuta mwisho wa neno, kama mtu asiyetaka kuagana. Sisi tulikuwa na mashamba kwao, wao walikuwa na dada kwetu. Chumvi ya Uvinza ilivuka kwenda, maharage yakavuka kuja. Mwenzangu alivuka akiwa bibi harusi, na mbuzi wa mahari walipishana naye mtoni. Watu wakacheka, wakasema mmoja wa mbuzi amegeuka kumtazama kuona kama bei ilikuwa sawa.

Alikuwa mwembamba na mkaidi. Tulimtania kwa ule uvutaji wake wa maneno, naye akatujibu kwamba sisi tunayakata kama tunakimbizwa. Lakini kwenye adabu ya nyumba alitushinda wote. Aliona wanamtazama kwa sababu ni wa ng'ambo, basi akashika kila mwiko kwa mikono miwili. Kijijini kulikuwa na mzee mwingine mwenye jina kama la baba mkwe. Mimi nilimwamkia kwa kumwita mzee, ikaisha. Yeye akimwona anakuja alibadilisha njia kabisa, asije mtu akamuuliza huyo aliyepita ni nani.

Kisha kwao pakaanza vita.

Vita ile sitaisimulia yote, siijui yote. Najua iliyopita mlangoni kwangu. Mwanzo walikuja watu na magodoro, na sisi tukawapokea kama wageni, maana walikuwa wageni kweli, wakwe na watani. Baadaye wakaja vijana wasio na magodoro. Walikaa migombani mchana, jioni wakavuka kurudi. Wengine walirudi wamebebwa. Unga ukatoka kwetu, chumvi ikatoka kwetu, na vidonda vikaja kufungwa kwetu. Mama mkwe alikuwa akisema, vita vinapiganwa kwao ila vinapikwa kwetu. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuwa jiko. Kijana akikujia na njaa na ni mtoto wa shangazi ya mumeo, utamuuliza bunduki ameificha wapi? Unampa ugali. Na yule anayemkimbia huyo kijana naye anakuja na njaa, naye ni wa kwenu vile vile. Unampa.

Wenye vita wa ng'ambo wakatuita sisi maficho. Siku moja wakachoma nyumba mbili za upande wetu zilizo karibu na maji. Na wakubwa wa upande wetu nao wakasema hao wageni ndio wanaotuletea moto, wote waliotoka ng'ambo wakusanywe. Aliyekuja jana na aliyeolewa zamani, wote waliwekwa kwenye neno moja. Neno lile lilinishangaza. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimwita mwenzangu mkimbizi.

Watu wa msako walikuja asubuhi na malori, wakatukusanya uwanja wa shule. Hawakuwa wa kwetu, walitoka mbali, hawajui hata salamu yetu. Kwa sababu lugha ni moja hawakuweza kututenganisha kwa masikio, wakatafuta swali. Mwanamke akisema ameolewa hapa, wanamuuliza: jina la baba mkwe wako? Aliyeolewa kweli atalijua, walisema. Waliona wamefanya akili sana.

Hapo nilimtazama yule dada, nikaona hajaelewa bado. Nikamweleza mwiko wa jina, na msenyi ulikotoka, kisha nikaendelea.

Mimi nilifikiwa kabla ya mwenzangu. Nikaulizwa, nikanyamaza. Mume wangu alikuwa amesimama nami bega kwa bega, akalitaja yeye, jina la baba yake, kwa sauti. Wakanipitisha. Shemeji yangu hakuwepo. Alikuwa Uvinza, amefuata chumvi.

Wakamfikia mwenzangu, mtoto mgongoni.

"Jina la baba mkwe?"

"Mimi ni wa nyumba ya msenyi."

"Nini?"

"Msenyi."

Mmoja aliyekuwa ameokota maneno mawili matatu ya kwetu akawaambia wenzake, anasema mchanga. Wakacheka. Mwenye fimbo akasema, "Baba mkwe wako anaitwa Mchanga? Sema jina, mama, acha mzaha."

Mume wangu akapiga kelele kwamba huyu ni mke wa mdogo wake. Wakamwambia wewe umeshasema mke mmoja, sasa wanawake wote wa hapa ni wenu? Kila mtu ajisemee. Wauzaji wa sokoni wakapaza sauti, huyo ni wa kwetu, ni wa nyumba ya msenyi! Na kila walivyolipaza lile neno ndivyo wale watu walivyozidi kuona kijiji kizima kinawadhihaki. Kwa mtu wa kwetu, jibu lile lilikuwa ushahidi kupita ushahidi. Hakuna asiye mke wa pale ambaye angejibu hivyo.

Akaulizwa mara ya mwisho. Nilikuwa karibu, niliona shingo yake. Alifungua mdomo. Akamtazama mama mkwe aliyekuwa amekaa chini kwenye nyasi na wazee. Mama mkwe alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, na mpaka leo sijui kama alimaanisha sema au alimaanisha usiseme. Mwenzangu akafumba mdomo. Akapanda lori mwenyewe, hakusukumwa, akaweka sawa mbeleko ya mtoto.

Shemeji yangu alirudi na chumvi yake, akaiacha uani, akaenda kambini kuwatafuta. Wakamwambia lile lori halikufika hapo, walirudishwa ng'ambo. Akavuka. Tulimngoja, hakurudi tena. Chumvi ikala unyevu, ikaganda kama jiwe, hakuna aliyetaka kuigusa. Mama mkwe alikufa mwaka uliofuata na hakuonja tena chakula chenye chumvi, alisema hakisikii.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Yule dada alikuwa amevua koti bila mimi kumwona.

"Kwa hiyo alilijua," akasema.

"Alilijua kuliko lake."

"Basi si angelisema!" Alisimama. "Neno moja, mama mkubwa! Neno moja tu! Baba yangu angekuwa hai. Mimi ningekuwa... Angelisema, halafu angetubu!"

Siku za nyuma nilikuwa na jibu, la heshima na malezi, lakini mbele ya yule mtoto lilikuwa jepesi kama ganda la karanga. Nikamwambia tu lile alilokuja kuuliza. "Aliolewa. Mwanamke asiyeolewa angetaja jina lolote akapitishwa. Alipandishwa lori kwa sababu alikuwa mke."

Alilia kwa muda mrefu, amesimama, uso kwenye pazia. Nikamwacha alie. Kisha akajipangusa na kiganja.

"Niambie basi. Babu yangu aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Wallahi nilitaka. Nilijua hakuna wa kunihukumu, wote wamekufa, na niko nchi ambayo hata mtoto mdogo anamwita jirani mzee kwa jina lake. Jina lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Lakini nilimwona mwenzangu anaweka sawa mbeleko. Nikisema mimi leo, sebuleni, na chai mbele yangu, yeye alikaa kimya kwa ajili ya nini?

"Siwezi," nikamwambia. "Subiri binti yangu arudi, ni dada yako, yeye ni damu. Damu haikatazwi."

"Yuko wapi?"

"Kazini, Sutton Coldfield. Anahudumia wazee."

"Mpigie simu."

"Wakiwa kazini simu wanafungia kabatini."

Akanikodolea macho. "Mama mkubwa, unanitania."

"Sikutanii."

Akaanza kucheka, machozi bado yanatoka, kucheka kule kunakouma mbavu. "Nimengoja maisha yangu yote," akasema, "sasa nangoja treni."

Tukangoja. Alinisaidia kuchambua dagaa, wale binti yangu anaoagiza kutoka Kigoma wakija na mtu. Aliniuliza baba yake alikuwa anatembeaje. Nikamwonyesha, na magoti yangu haya, mpaka mlangoni na kurudi, bega moja limeshuka kwa kuzoea mzigo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikabandika dagaa. Giza la huku linaingia mapema, hatukukumbuka kuwasha taa.

Ufunguo ukalia mlangoni. Binti yangu akaingia amelowa, analalamika treni imesimama njiani bila sababu, mbona tumekaa gizani kama wezi, na huyu mgeni ni nani, karibu dada. Akaanza kuvua viatu.

"Mwambie jina la babu yenu," nikamwambia.

"Babu yupi?"

"Baba wa baba yako."

Akalisema. Mguu mmoja na kiatu, mmoja bila, mkono umeshika ukuta, akalisema tu kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Kwani kuna nini?" akauliza.

Yule dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, midomo inacheza bila sauti, analijaribu. Kisha akalitamka. Na kwa kuwa lugha ya nyumbani aliinyonya kwa mama yake, akalivuta mwisho wake, kama wanavyovuta wenzetu wa ng'ambo, kama mtu asiyetaka kuagana.

Ndipo nilipolisikia jina la baba mkwe wangu vile ambavyo lingetoka kinywani mwa mwenzangu, siku ile, uwanja wa shule, kama angelisema.

Nikashika meza, nikainuka, nikaenda kugeuza dagaa. Walikuwa wameanza kuungua.